Uko na Mtu wa Kukuwekea Supa?

Shuleni tulifunzwa kuandika "chajio" kwa insha. Sijawahi kuskia mzazi akisimama kwa mlango akiita watoto na hilo neno. Nyumbani ni supa tu. "Kujeni supa!" Na kama ulikuwa umechelewa, ukifika ulipata sentensi ingine, ile mimi naona ndiyo tamu kuliko zote kwa Kiswahili chetu cha Kenya: "Nimekuwekea chakula."

Hebu fikiria vile hiyo kitu hufanya kazi. Mtu anasonga ugali huku anahesabu vichwa. Wewe hauko, lakini kipande chako kinakatwa, sukuma yako inatolewa kando, sahani inafunikwa na sahani ingine. Unafika saa nne usiku, ugali umeshakauka juu. Lakini umewekewa. Maana yake walijua hauko, na walijua utarudi. Asubuhi kila mtu hunywa chai akikimbia. Mchana mko kila mahali: shule, soko, mjengo. Kwa nyumba nyingi supa ndiyo saa pekee watu huhesabiana.

Na hii haijawahi kuwa mambo ya wenye pesa. Hata jina la mboga yetu linakubali hali ni ngumu: sukuma wiki, yaani isukume wiki hadi ifike mwisho. Mwaka wa 2022 unga wa kilo mbili ulipita shilingi 200. Kwetu ugali ulipungua ukubwa, lakini vipande havikupungua idadi.

Mombasa wakati wa Ramadhan, kabla adhana ya Magharibi, utaona watoto wamebeba sahani zimefunikwa, wanapeleka futari kwa jirani. Huko mnahesabu hadi nyumba ya pili.

Sasa, kuna watu huongea kuhusu supa ya zamani kama ilikuwa mbinguni. Wacha tuambiane ukweli. Supa ilikuwa pia korti. Mtu anangoja umemeza tonge la pili ndio akuulize matokeo ya mtihani. Msichana anapika, anapakua, anaosha vyombo, na kaka yake ako kwa kiti na simu. Mnakumbuka kafyu ya Machi 2020, ile ya saa moja usiku? Serikali ilirudisha kila mtu nyumbani mapema. Kuna nyumba watoto walianza kujua baba yao hucheka vipi. Kuna zingine ziliwaka moto kila jioni. Kwa hivyo mimi sitaki turudishe kila kitu. Nataka tubaki na ile kuhesabiana tu.

Kwa sababu sisi wa bedsita tumeipoteza kabisa. Niliacha campus mwaka wa pili, nikaanza hii kazi ya video, nikahamia keja yangu. Supa yangu ikawa smoki mbili na yai kwa stage, ama chapo madondo ya kibanda nikila kwa kitanda, simu imeegemea sufuria. Sioni aibu na hiyo, na madondo ya kibanda usiyaguse. Shida ni kwamba siku mfuko umekauka ukalala njaa, hakuna mtu anajua. Unaweza kukaa siku tatu hivyo, upost picha moja safi, na watu waandike "unang'aa".

Mathe akipiga simu usiku huuliza, "Umekula?" Sisi wote hujibu, "Eeh, nimekula." Anauliza kwa sababu ako mbali na hawezi kukuwekea. Na wewe unajibu hivyo ndio alale.

Watu wa rika yetu husema watakula vizuri wakipata familia. Mimi nasema usingoje ndoa ndio uwe na supa. Kwa ploti yetu tulianza wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Jumatano na Jumapili tunakula pamoja. Mmoja analeta unga, mwingine mboga, mwingine anatoa gesi, na mwenye hana kitu anakuja na mikono yake. Sheria ni mbili: aliyepika haoshi vyombo, na ukichelewa unawekewa.

Mwezi uliopita mmoja wetu hakuja na hakusema kitu. Sahani yake ilikaa imefunikwa hadi saa tano usiku, tukaanza kuiangalia vibaya. Tukaenda kubisha. Alikuwa amelala tangu asubuhi na homa kali, hata maji hakuwa ameguza. Majirani wa pande zote walikuwa ndani siku nzima, na hakuna mtu alikuwa na sababu ya kumtafuta. Sisi tulikuwa na sababu: ugali wake ulikuwa unapoa.

Ndio maana sitaki kuambiwa supa ni chakula tu, eti bora umeshiba.

Leo usiku piga simu kwa rafiki yako mwenye anaishi pekee yake. Usimuulize kama ako sawa, kila mtu huwa sawa. Usimuulize kama amekula, hiyo ni rahisi kudanganya. Muulize amekula nini. Akinyamaza kidogo akitafuta jibu, mwambie akuje. Umemuwekea.