Mboga mbichi mchana, gongo jioni

Kuanzia Kahama hadi Geita mjini, nyumba nyingi bado ni za ugali na dagaa. Lakini baba akiamua kuishi kwa matunda na mboga mbichi tu, huku jioni glasi haimpiti, mama aangalie hapo.

Ini ndilo huhifadhi sukari ya akiba, na hutengeneza nyingine mtu akikaa bila kula. Pombe hukwamisha utengenezaji huo. Aliyeshindia matango na kabichi ana akiba ndogo, hivyo sukari inaweza kushuka: jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea ovyo. Nyumbani watasema kalewa, aachwe alale. Hapo ndipo watu hupotea.

Akiwa macho na anameza, apewe soda yenye sukari, kisha chakula. Asipoamka, asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, awahishwe hospitali.

(Na anayejitetea kuwa gongo ni mimea tu, hiyo hupikwa. Si mbichi.)

Gongo iliyobaki kwenye chupa ya maji iondolewe mezani. Mtoto akiinywa, hata mafunda machache, sukari yake hushuka haraka kuliko ya baba.