Mjomba na Kikombe Chake cha Kwanza

Waswahili walituachia neno "mkahawa", nasi tukalijaza chai. Jaribu mwenyewe, msomaji mpenzi. Ingia mkahawani asubuhi mjini Bungoma uitishe kahawa. Mimi niliingia mikahawa mitatu. Miwili iliniletea chai ya maziwa na andazi. Wa tatu ukanipa maji moto na kijiko cha unga wa mkebe. Haya yote katika kaunti ambayo mibuni imetanda hadi miteremko ya Mlima Elgon!

Ndiyo maana nilifurahi nilipoonyeshwa kibanda fulani mtaani Kitale. Hakina bango. Viti vyake vilitolewa kwenye basi kuukuu, saa ya ukutani ilikufa zamani na hakuna aliyeizika, na drafti huchezwa kwa vizibo vya soda. Mwenyewe ni mzee wa asili ya Pwani ambaye wateja wote humwita Ami. Ukimaliza kunywa, unajitilia shilingi zako mkebeni, kumi kwa kila kikombe, na hakuna anayekuchunga. Sheria ni moja tu: siasa ni marufuku kabla ya kikombe cha pili.

Majuzi nilimpeleka mjomba wangu huko. Yeye ni mkulima wa upande wa Kimilili, na alikuwa amekuja Kitale kununua mbegu za mahindi. Aliketi, akaupakata mfuko wa mbegu kama mtoto. Nikamuuliza amepata shamba jipya wapi.

"Si jipya, mwanangu," akajibu. "Nang'oa mibuni."

Mibuni hiyo iliachwa na babu. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kukuza kahawa, na ni mpango wa Swynnerton wa 1954 uliowafungulia mlango wakulima wadogo wengi. Zao likanawiri hata msimu wa 1987/88 Kenya ikavuna takriban tani 130,000. Kisha, mwaka wa 1989, mkataba wa kimataifa uliodhibiti mauzo ukavunjika na bei zikaporomoka. Siku hizi nchi nzima haivuni hata nusu ya kiasi hicho. Mjomba hahitaji kusomewa takwimu. Ajua malipo huja yamechelewa, tena yamekatwakatwa, ilhali karo ya shule haingoji.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, Ami aliweka kikaango juu ya makaa, akamwaga kahawa mbichi, akaanza kukoroga. Punje zikageuka kutoka kijani hadi hudhurungi, zikaanza kualika kama bisi. Mjomba akainua pua.

"Kinaungua nini?"

"Ni kahawa, mzee," Ami akasema. "Ya huko huko kwenu Elgon."

Mjomba akatazama kikaango kwa muda mrefu. "Miaka thelathini naichuma," akasema, "naipeleka kiwandani, naiona ikioshwa na kuanikwa. Harufu hii siijui."

Ami akatwanga, akatia tangawizi, akachemsha, akammiminia kikombe kidogo kisicho na sukari. Funda la kwanza lilimkunja mjomba uso, ikabidi apewe kashata. Kikombe cha pili alikiomba mwenyewe. Sasa ruhusa ya siasa ilikuwepo, lakini yeye aliuliza swali jingine.

"Kiganja kimoja cha kahawa hutoa vikombe vingapi?"

"Kama kumi hivi."

Mjomba akahesabu kwa vidole, akanyamaza kimya.

Kwenye steji ya matatu alipanda na mfuko wake wa mbegu, na mfukoni mwa koti kahawa iliyotwangwa ambayo Ami alimfungia kwenye karatasi. Dirishani akaniambia, "Ile mistari miwili ya nyuma ya jiko nitaiacha. Mingine itang'oka. Mahindi watoto watakula."

Simlaumu, kwani karo hailipwi kwa harufu. Hata hivyo najiuliza: mtu asiyewahi kuonja zao lake atabishania vipi bei yake?

Basi Jumapili hii, msomaji, ukiingia mkahawani, itisha kahawa. Wakikuletea chai, waulize kulikoni.