Chungu cha Ikombe Nacho Kina Mwenyewe

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wameushika usemi huo barabara. Sisi tulio katika ofisi za umma na madarasani bado hatujauzingatia vya kutosha katika jambo la sanaa.

Mwaka 2024 Taifa letu lilishiriki kwa mara ya kwanza, likiwa na banda lake, katika Maonyesho ya 60 ya Kimataifa ya Sanaa ya Venice, Italia. Miongoni mwa wasanii waliotuwakilisha alikuwamo Lute Mwakisopile, jina ambalo mtu wa Kyela au Rungwe halisikii kama la mgeni. Hiyo ni heshima. Lakini Novemba mwaka huo maonyesho yalifungwa na wageni wakatawanyika. Kinachobaki baada ya maonyesho yoyote ni katalogi, yaani kitabu kinachoeleza kazi ni ipi, ni ya nani, imetengenezwaje na ina maana gani. Mwandishi wa kitabu hicho ndiye atakayewaambia wajukuu zetu sisi tulikuwa nani.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Friedrich Fülleborn, alichapisha Berlin kitabu kikubwa chenye picha juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma na watu wake. Kimeandikwa kwa Kijerumani. Wenye nchi walitazamwa na kuelezwa, hawakuulizwa wajieleze.

Je, leo tumejirekebisha? Twende Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone. Huko akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono, huvichoma kwa moto wa wazi, kisha huvipakia katika mitumbwi hadi Matema kuviuza. Vyungu hivyo husafiri mpaka Mbeya na mbali zaidi. Mnunuzi huuliza bei, huondoka nacho, na jina la mama aliyekifinyanga hubaki ufukoni.

Linganisheni na kokoa. Gunia la kokoa la Kyela likiingia ghalani huandikiwa stakabadhi: uzito wake na mwenye mali. Kokoa ina daftari. Ufundi wa mama zetu hauna.

Wapo watakaosema kwamba chungu ni chombo cha jikoni, si sanaa. Hiyo ni kasumba. Chungu hicho hicho kikiwekwa ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la Ulaya, tutakiita sanaa bila kubisha. Kwa nini tungoje wengine watupe ruhusa ya kuheshimu kilicho chetu?

Wengine watataja gharama. Ni kweli, karatasi ya kung'aa ni ghali. Lakini katalogi si lazima ing'ae. Yatosha iwe na picha safi na maelezo ya kweli. Bienale ya Sanaa ya Afrika Mashariki, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2003, imekwisha kuonyesha kwamba katalogi za maonyesho ya kimataifa zinaweza kutolewa hapa hapa kwetu.

Hoja yangu basi ni hii. Kila kazi ya Mtanzania inapopelekwa katika maonyesho ya kimataifa, iandamane na katalogi yenye maelezo ya Kiswahili fasaha, na nakala zake zifike katika maktaba za shule na vyuo vya ualimu. Katika katalogi hizo mfinyanzi wa Ikombe aandikwe kwa jina lake na kijiji chake, sawa na mchoraji wa Dar es Salaam, wala asifichwe nyuma ya neno "kabila".

Kazi hiyo inaweza kuanza kabla ya fedha kupatikana. Afisa Utamaduni na mwalimu wa sanaa wakienda Matema siku ya soko na daftari moja, wakauliza majina, udongo unakochimbwa na namna ya kuuchoma, watakuwa wameandika kurasa za kwanza. Mafundi wazee wapo leo. Kesho hatutakuwa na wa kumuuliza.