Nyuso chini ya nyayo

Katika Makumbusho ya Wayahudi jijini Berlin, yaliyofunguliwa mwaka 2001, mgeni hukanyaga nyuso. Ni vipande vya chuma zaidi ya 10,000, macho na vinywa wazi, kazi ya msanii Menashe Kadishman. Kila hatua huvigonganisha, na mlio wake huujaza ukumbi mrefu wa zege hadi mtu atamani kurudi nyuma.

Ng'ambo ya barabara, tangu 2021, watoto huingia safina ya Nuhu yenye wanyama 150 waliotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika.

Uamuzi wa makumbusho kuwapa watoto safina hiyo unastahili kuungwa mkono. Mtoto asiwajue Wayahudi wa Ujerumani kwa mauaji waliyotendewa pekee: walikuwapo Cologne tangu mwaka 321, wakifanya biashara, wakiozesha, wakilea wana.