Chakula cha Meksiko tayari kiko shambani Handeni

Msomaji wangu, ukisafiri kwa barabara kuu ya Chalinze hadi Segera wakati wa msimu, utayaona machungwa yamepangwa kwa mafungu na viroba kando ya lami, tangu Mkata na Kabuku mpaka Michungwani, mahali ambapo jina lenyewe linakueleza kinachoota pale. Ukiiacha lami ukaingia vijijini, Kwedizinga na majirani zake, unakuta mahindi, maharage, kunde na maboga. Halafu ingia dukani katika kijiji hicho hicho. Kinachouzwa kwa kasi ni soda, sembe nyeupe na biskuti.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya chakula cha Meksiko. Usicheke, na usidhani ni habari ya hoteli za Dar es Salaam. Mahindi, maharage ya kawaida, maboga, pilipili, parachichi na papai vyote asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake katika bara la Amerika. Hata mkonge wa Korogwe ulitoka huko: Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai, na mmea wenyewe asili yake ni Yucatán, Meksiko. Nasi tuliwapelekea vya kwetu. Ukwaju na choya, ile wengine wanayoiita rozela, ni mimea ya Afrika, na leo huwezi kupita sokoni Meksiko bila kuuziwa kinywaji chake. Kwa hiyo mwenye shamba Handeni hahitaji kununua kitu kigeni. Anachoweza kuazima kwa wakulima wa Meksiko ni namna ya kuvila vile alivyonavyo.

Wakulima wale tangu kale hupanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, kama wanavyofanya wengi wetu, kisha huvila pamoja. Mapishi hayo ya asili yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010. Kilishe wana sababu nzuri. Protini ya mahindi ina upungufu wa kirutubisho kiitwacho lisini, nayo maharage yana lisini kwa wingi, kwa hiyo sahani yenye vyote viwili inaujenga mwili vizuri hata siku ambayo hakuna nyama. Makande yetu yanafanya kazi hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba makande yamegeuzwa chakula cha shule na cha siku za shida, na mgeni akija anapikiwa wali.

Tofauti kubwa iko kwenye mahindi yenyewe. Wao huyachemsha na chokaa ya kulia chakula, huyaacha usiku kucha, huyaosha, kisha huyasaga. Chokaa hulegeza ganda na kuifungua vitamini B3, ambayo katika mahindi ya kawaida imefungwa na mwili hauwezi kuichukua yote. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, mbegu zilisafiri lakini ujuzi huo ukabaki nyuma. Maskini wa Italia na Hispania waliokula mahindi matupu wakapata pelagra: ngozi inapigwa na jua inatoka magamba, tumbo linaharisha, mwishowe akili inachanganyikiwa. Jambo hili halikuishia Ulaya. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, wagonjwa zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula.

Sikuambii uende kununua chokaa. Ya kujengea ni hatari, usiitie kwenye chakula kamwe. Nakuambia kwamba mahindi peke yake hayatoshi, na ukiyakoboa ukatoa kiini na pumba unayapunguzia hata kile kidogo yalichokuwa nacho. Saga dona, kula na maharage, karanga na mboga za majani, na utakuwa umeipata faida ile kwa njia nyingine. Ila mahindi yawe makavu na safi. Yenye ukungu yana sumukuvu, ambayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi.

Sasa tuingie jikoni. Chapati yao nyembamba ya mahindi huitwa totiya. Unga wetu, kwa kuwa haukupitia chokaa, haushikani vizuri, kwa hiyo changanya vikombe viwili vya dona na kimoja au viwili vya unga wa ngano, tia chumvi kidogo, mimina maji yaliyochemka kidogo kidogo na ukande mpaka ulainike. Ufunike nusu saa. Sukuma nyembamba, choma kwenye chuma cha chapati bila mafuta, dakika moja au mbili kila upande. Zifunike kwa kitambaa zisikauke.

Maharage yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Utaokoa kuni na tumbo halitajaa gesi. Magadi yaache, maana yanaharibu vitamini B1. Yakishaiva yaponde nusu nusu, yakaange kidogo na kitunguu, kitunguu saumu na nyanya. Pembeni kata boga vipande, lichemshe kwa maji machache. Mbegu za boga, ambazo kaya nyingi huzitupa, zikaange kavu uzitwange: zina protini, madini ya chuma na zinki, na Wameksiko huzifanya mchuzi mzito. Ponda parachichi za Lushoto na ndimu, chumvi na pilipili. Kachumbari unaijua, iongeze majani ya giligilani tu. Weka maharage, boga na kachumbari juu ya totiya, nyunyiza mbegu, kunja, kula kwa mkono. Mafuta ya parachichi husaidia mwili kuichukua vitamini A ya boga, kwa hiyo si pambo.

Jambo ambalo ningependa ulifanye hata kama totiya hutazipika ni hili: kamulia ndimu kwenye maharage, au kula chungwa pamoja na chakula. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta takriban wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa hapa nchini wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, lakini chakula ni mojawapo. Madini ya chuma ya maharage na mboga za majani ni magumu kuingia mwilini, na vitamini C ndiyo inayoyafungulia mlango. Chai ya rangi inaufunga. Sisi tunakula maharage kwa chai, na machungwa tunayapakia kwenye lori! Chai na isubiri angalau saa moja baada ya mlo. Na machungwa uza, mtoto anahitaji ada na sare, lakini debe moja libaki nyumbani.

Kuhusu vinywaji, Meksiko wanatufundisha kwa wema na kwa ubaya. Wamo miongoni mwa wanywaji wakubwa wa soda duniani, kisukari kikawaelemea, hadi Januari 2014 serikali ikaweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 kwa siku ni bora zaidi. Kinywaji chao cha zamani ni maji yenye tunda: sehemu moja ya tikiti, nanasi au chungwa kwa sehemu tatu au nne za maji, kisha ndimu. Hicho si juisi nzito, ambayo nayo glasi moja humeza machungwa matatu na sukari yake yote.

Kwa ukwaju, loweka konzi moja katika lita moja ya maji ya moto, kamua, chuja. Kwa choya, konzi ya maua makavu kwa lita moja, chemsha dakika tano, ongeza kipande cha tangawizi. Sukari ikilazimu, vijiko viwili kwa jagi zima. Maji yawe yamechemshwa kwanza, hasa kama ni ya lambo au kisima cha wazi, na barafu pia itokane na maji hayo hayo.

Wapo wanaompa mama mjamzito choya ili iongeze damu. Rangi nyekundu si madini ya chuma. Anywe kidogo akipenda baada ya kumuuliza mhudumu wa kliniki, lakini vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimeze. Choya pia inaweza kushusha presha, kwa hiyo anayetumia dawa za presha asinywe jagi zima kila siku bila kumwambia daktari wake, na dawa asiziache.

Mlo wa mimea nausifu kwa watu wazima, siku nyingi za wiki. Vitamini B12 haimo katika mahindi, maharage wala maboga. Mtoto aliyeanza kula, mjamzito na anayenyonyesha wapatiwe yai, maziwa au dagaa, na dagaa waliotwangwa wanaingia vizuri tu ndani ya maharage yale ya kuponda.