Afya ya Nyumbani: Shingo Iliyoshtuka

Mwezi huu twataka kunena habari za maumivu yasiyo na kidonda wala damu, na kwa ajili hiyo watu huyadharau. Sisi wenyewe tuliyadharau, na yatupasa kukiri hayo kabla ya kuwafundisha wengine.

Kijana mmoja afundishaye pamoja nasi alikuwa ndani ya gari la abiria. Gari lilisimama, na jingine likaligonga kwa nyuma. Alishuka akicheka, akaja nyumbani kwa miguu. Asubuhi yake hakuweza kugeuza kichwa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kulima shamba la shule, nasi tukamwambia, "Jana ulicheka, leo jembe limekupa ugonjwa?" Akanyamaza, akalima. Jioni hakula, kichwa kikimwuma tangu kisogoni hata machoni.

Basi, fahamuni jambo lenyewe. Kichwa cha mtu mzima chapata uzito wa kilo 4 hata 5, nacho chakaa juu ya pingili 7 za shingo, zilizoshikwa kwa kano na misuli. Gari likigongwa nyuma, kiti husukuma kiwiliwili mbele, na kichwa hubaki nyuma. Kisha nacho hutupwa mbele kwa nguvu. Shingo hupinda na kurudi kama mjeledi, na kano na misuli huvutika kupita kiasi. Maumivu yaweza kukawia saa nyingi, hata siku moja au zaidi. Kwa hiyo aliyecheka jana hasemi uongo leo.

Kwanza tazameni alama za hatari: ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, kuzimia, kuchanganyikiwa, kushindwa kuzuia haja, au maumivu makali penye mfupa wa katikati ya shingo. Mwenye alama hizi asivutwe wala asigeuzwe shingo. Kichwa chake kishikwe kisitikisike, na msaada wa hospitali uitwe upesi. Mzee aliyepita miaka 65 naye apelekwe kwa mganga, hata akisema hajambo.

Kama mganga ameona kwamba mfupa haukuvunjika, msifanye kosa letu la pili. Tulimfunga kijana yule kitambaa kinene shingoni, akakaa nacho majuma 3, hata shingo ikakauka kama gogo. Zamani waganga nao waliwavika wagonjwa kola kwa muda mrefu. Lakini mwaka 1995 wataalamu waliokusanywa huko Quebec, katika Kanada, walishauri mgonjwa wa namna hii arudie mwendo wake wa kila siku mapema.

Ageuze kichwa polepole kulia na kushoto, akiinamishe na kukiinua, mara kadha kila siku, wala asilazimishe. Atembee, afanye kazi nyepesi. Dawa ya paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa, humsaidia kujongea. Wala asimpe mtu shingo yake aivute mpaka ilie. Wengi hupona kwa majuma machache au miezi 2 hata 3. Wengine hukawia zaidi. Asiyeona nafuu baada ya majuma kadha na arudi kwa mganga.

Nanyi wenye magari, inueni egemeo la kichwa lilingane na utosi, likaribie kisogo. Kazi yake si kupumzikia tu.

Kijana yule alipofungua kitambaa na kuanza kujongea, alipata nafuu kidogo kidogo. Tulikwenda kwake kumtaka radhi. Akatujibu kwa upole, "Mwalimu, laiti mngaliniuliza kwanza." Neno hilo latuchoma hata leo. Basi, wazazi na walimu, mtu wenu akilalamika maumivu msiyoyaona, mwulizeni kwanza, ndipo mseme.

Kwaherini hata mwezi ujao.