Jiografia Si Kukariri Majina ya Mito

Wazazi wengi hudhani ya kuwa jiografia ni somo la watoto wadogo, yaani kuhesabu milima, kutaja mito na kukariri majina ya miji mikuu. Kwa hiyo mtoto aingiapo Kidato cha Tano na kulichagua somo hilo, wao husikitika, wakiona karo yapotea bure. Dhana hiyo si ya haki.

Nchini Kenya Kidato cha Tano na cha Sita vilikwisha mwaka 1989, baada ya kuanzishwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Lakini wazee wengi waliosoma zamani hizo wangali wakikumbuka jinsi somo hili lilivyowatoa jasho. Huko Tanzania vidato hivyo vingaliko, na mwanafunzi husoma masomo matatu makuu kwa pamoja. HGL ni historia, jiografia na Kiingereza. CBG ni kemia, biolojia na jiografia. PGM ni fizikia, jiografia na hisabati. Yaonekana basi kwamba jiografia huketi na wenye historia, na huketi pia na wenye sayansi.

Tofauti yake na jiografia ya madarasa ya chini ni hii. Mtoto mdogo huambiwa ya kuwa Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, akaandika. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita huulizwa kwa nini miteremko ya kusini-mashariki hupata mvua nyingi, na upande wa Nanyuki ukawa mkavu. Yampasa aeleze ya kuwa pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, nazo zikipanda mlima hupoa na kumwaga mvua. Zikishuka upande wa pili, hazina kitu tena. Yampasa ajue pia ya kwamba kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii sita na nusu. Ndiyo maana chai haipandwi mahali pamoja na mkonge.

Hebu utwaliwe mfano wa mkulima mmoja wa Machakos katika miaka ya 1970. Mwanawe alirudi likizoni kutoka Kidato cha Tano, akiwa na ramani chini ya kwapa.

"Mwanangu," mzee akamwuliza, "majina ya mito ulifundishwa ukiwa mdogo. Karo hii ya sasa yanunua nini?"

"Baba, sasa sifundishwi majina. Nafundishwa sababu."

"Sababu haijazi ghala."

Kijana akaikunjua ramani mezani. Sentimita moja ilikuwa mita 500 za nchi, na kila mstari wa kontua ulipishana na mwenzake kwa mita 20 za kimo. Juu ya shamba lao mistari ilisongamana, milimita mbili tu kutoka mmoja hadi mwingine, yaani mita 100. Akaandika hesabu yake: katika kila mita tano, ardhi hupanda mita moja.

"Kwamba shamba langu ni la mteremko, miguu yangu yajua," mzee akasema. "Je, ramani yako yajua korongo linalokula mahindi yangu limeanzia wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Asubuhi yake wakapanda wote wawili, wakilifuata lile korongo, na kule juu wakakuta njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja. Maji yote ya mlima yalikuwa yameifanya kuwa mfereji. Njia hiyo haikuwamo katika ramani. Lakini ramani ndiyo iliyoonyesha mahali ambapo ingeweza kupindishwa, ifuate kimo kimoja, na mahali pa kuchimba fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili maji yasimame.

Mambo mawili yaonekana hapa. Ramani pasipo miguu hukosa mengi. Na miguu pasipo ramani huchelewa kujua sababu. Mwanafunzi akaaye darasani akakariri kitabu hajasoma jiografia bado, hata akipata alama nzuri. Naye mzazi akatazaye somo hili kwa kulidharau huenda anamnyima mwanawe elimu ile ambayo shamba linaihitaji kuliko zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa udongo uliokwisha kwenda mtoni haujengeki.

Basi mzazi asiulize tu alama. Amwambie mwanawe alete ramani nyumbani, kisha amwulize: Shamba letu liko wapi hapa, na maji yake huenda wapi? Akishindwa kujibu, na watoke pamoja wakatazame.